Neno la Mwisho ni la Nani?

Vijana wenzangu mnaoandika na mnaoimba, leo naomba niwaulize swali ambalo silisikii vijiweni wala kwenye vipindi vya muziki redioni. Wimbo ukishatungwa, ukaimbwa, ukarekodiwa, ni nani anayesema, "Haya, sasa umekamilika, utoke"? Siulizi nani anapata pesa. Hilo la pesa tunalijua, tunalipigia kelele kila siku, na tuna haki ya kulipigia kelele. Nauliza juu ya lile neno dogo linalotangulia pesa. Neno "ndiyo". Nani analo?

Nauliza kwa sababu mimi kwa upande wa baba ni mtu wa Mbuji, kule milimani Umatengo, wilaya ya Mbinga, na kwa upande wa mama ni mtu wa Liuli, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Watoto wa namna yangu tumekulia kati ya kahawa na usipa. Mlimani tulilima ngolo, yale mashimo ya Kimatengo yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Likizo ikifika tunateremshwa ziwani kwa wajomba, tunakula ugali wa muhogo mpaka tumbo linauma, na jioni tunakimbilia uwanjani kutazama mganda. Wale wasioijua mganda niwaeleze kidogo, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotupata.

Mganda ni ngoma ya wanaume. Wachezaji wanajipanga mistari kama askari, tena wana vyeo, na watafiti wanaihusisha na gwaride la askari wa enzi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kuna ngoma kubwa, na kuna malipenga. Sasa lipenga si tarumbeta, msije mkadhani. Ni kibuyu kilichotobolewa, tundu moja likazibwa kwa utando mwembamba. Mpigaji hapulizi, anaimba ndani yake, na ule utando unatetemeka. Sauti inatoka ikiwa na mngurumo, kama nyuki waliokasirika ndani ya mzinga. Mngurumo huo ndio lipenga lenyewe. Ukiuondoa umebakiwa na mtu mzima anayeimba ndani ya kibuyu.

Jambo jingine. Katika kundi la mjomba wangu, wimbo mpya hautoki hivi hivi tu. Mtunzi anauimba kwanza mbele ya wenzake, usiku, bila ngoma. Wanaurudia, wanaukata, wanabishana. Kama wimbo unamtaja marehemu, watu wa nyumba ile wanaitwa kuusikia kabla haujafika uwanjani. Nimewahi kuona wimbo mzuri sana ukizuiwa kwa sababu mjane mmoja alisema, "Huo hapana, bado mapema." Hakuna aliyemuuliza ana hisa ngapi. Wakauweka, wakautoa mwaka uliofuata.

Basi bwana, binamu yangu, mtoto wa huyo huyo mjomba, alitunga wimbo wa mtumbwi usiorudi. Rafiki yake alitoka kuvua usiku, mwera ukavuma, asubuhi wakaokota kasia. Beti mbili za Kiswahili, ubeti mmoja wa Kinyasa, na katikati ya wimbo lipenga linalia peke yake pale ambapo maneno yanashindikana. Studio moja mjini ikaupenda. Binamu akapewa karatasi nne za Kiingereza, akasaini. Mjomba akapanda basi na kibuyu chake kwenye mfuko wa rambo, akarekodi mchana mmoja, akapewa nauli na soda, akarudi ziwani.

Miezi mitatu baadaye mjomba yuko stendi ya Mbinga, anasubiri gari la kuteremka, akausikia wimbo wa mwanawe ukipigwa kwenye kibanda cha chipsi. Umeongezwa kasi, watu wanatingisha vichwa. Ubeti wa Kinyasa umeondolewa, pale pametiwa dada mmoja anayesema mambo ya mapenzi. Na lipenga hakuna. Kimya. Mjomba akampigia binamu simu, hakugomba, aliuliza tu, "Mwanangu, mimi niko wapi hapo?"

Binamu akampigia prodyuza. Na hapa nataka muelewe kwamba yule kijana wa studio hakuwa mtu mbaya. Alishangaa kweli kweli. "Kaka, ile si ilikuwa noizi? Maiki ilikuwa inakwaruza. Nimewasafishia bure." Masikio yake yalisikia mngurumo wa kibuyu yakadhani ni waya mbovu. Laiti angeuliza, angejibiwa kwa sentensi moja. Lakini hakuna mahali popote palipomlazimu kuuliza.

Nilipozisoma zile karatasi nne chumbani kwangu Mbagala, nilikuta kila kitu kimeandikwa waziwazi. Studio ina haki ya kuhariri, kufupisha, kubadili na kuongeza kadiri itakavyoona inafaa. Kisha kukawa na sentensi iliyomtuliza binamu siku ile: studio "itashauriana" na msanii. Na kweli walishauriana! Prodyuza alikuwa ametuma ujumbe wa simu: "Mzee leo napiga miksi ya ngoma yako." Binamu akajibu kwa kidole gumba. Mashauriano yakaishia hapo.

Vijana wenzangu, naomba hapa tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Katika mikataba ya muziki kuna maneno mawili yanayofanana kama mapacha lakini hayalali nyumba moja. Kuna kushauriana na kuna kuidhinisha. Akishauriana nawe, anakusikiliza kisha anafanya alilokusudia, na hajavunja mkataba. Idhini ikiwa yako, bila "ndiyo" yako kazi haitoki. Anayeandika mkataba anaijua tofauti hiyo vizuri sana. Ndiyo maana anaweka la kwanza pale ambapo wewe, kwa furaha ya kuitwa msanii, unasoma la pili.

Hata idhini ukiipata ina milango yake ya nyuma. Mlango wa kwanza ni muda: mkataba unasema usipojibu katika siku tano au kumi, umehesabiwa kuwa umekubali. Mlango wa pili ni ile sentensi isemayo idhini "isizuiliwe bila sababu ya msingi". Inasikika ya haki, na mara nyingi ni ya haki, ila swali ni nani atapima huo msingi. Mlango wa tatu ni kipimo cha kazi yenyewe. Mkataba ukisema kazi iwe "safi kiufundi", hapo wanapima kama sauti haikwaruzi na ala zinasikika. Ukisema iwe "yenye kuuzika", basi wamejipa ruhusa ya kuikataa kazi yako nzuri mpaka ifanane na ile iliyouza mwaka jana. Tena idhini haiji kwa jumla. Yaweza kuwa yako kwa maneno ya wimbo lakini si kwa miksi, kwa miksi lakini si kwa picha ya kava, kwa kava lakini si kwa rimiksi, video, wala tangazo la sabuni. Kila kitu kinahitaji kutajwa kwa jina lake.

Msidhani haya ni matatizo ya watu wa ukingoni mwa ziwa tu. The Beatles wa Uingereza, bendi iliyokuwa na kila kitu, walipigwa na upepo huo huo. Mwaka 1969 Paul McCartney alirekodi wimbo wake "The Long and Winding Road" kwa piano na bendi, mambo machache tu. Kanda zikapewa Phil Spector, prodyuza wa Marekani, azimalizie. Tarehe 1 Aprili 1970 Spector akaingiza studio kundi zima la vinanda, kinubi na kwaya ya wanawake. McCartney hakuulizwa. Alipousikia aliandika barua ya kuomba vinanda vipunguzwe na kinubi kiondolewe. Havikuondolewa. Albamu ikatoka Mei 1970 vile vile.

Wimbo ule ulishika namba moja Marekani. Pesa ikaingia. Kwa hesabu za vijiweni kwetu, mtu angemwambia, "Sasa unalalamika nini, mshikaji?" Lakini tarehe 31 Desemba 1970 McCartney alipofungua kesi London kuuvunja ushirika wa bendi, kuchezewa kwa wimbo huo kulikuwa miongoni mwa sababu alizozipeleka mahakamani. Mwaka 2003 albamu ile ikatolewa upya bila makorokoro ya Spector. Miaka 33 mtu anasubiri albamu ile itolewe ikiwa na sauti aliyoikusudia. Naye ni tajiri, ana mawakili. Sembuse mjomba wangu, mwenye kibuyu na mfuko wa rambo?

Hapa nyumbani, kwa miaka mingi neno la mwisho halikuwa la mtunzi wala la mwenye studio. Kabla redio binafsi hazijaanza katika miaka ya 1990, bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD yetu, na maneno ya nyimbo yalipitiwa kwanza na kamati. Vyombo navyo vilikuwa vya wenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, Bima Lee ya Shirika la Bima. Mwanamuziki akihama, gitaa linabaki, jina la bendi linabaki, kanda zinabaki kabatini redioni. Anaondoka na koo lake tu. Wazee wale walitupa muziki ambao mpaka leo hatujaufikia, na walitupa wakiwa hawana hata kamba ya gitaa iliyo yao.

Mchukueni Dokta Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafariki Dar es Salaam mwaka 2010, na bendi yake iliitwa Super Matimila. Matimila ni kijiji cha kwetu huku Songea, kwa hiyo sisi watu wa Ruvuma tunadai kipande cha Remmy, mpende msipende. Mwaka 1990 alitoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wakati Ukimwi unatumaliza. RTD haikuupiga. Wimbo ukawafikia watu kwa njia ya kumbi na kanda. Lakini angalieni kitu kimoja: redio ilisema hapana, ila haikumbadilishia Remmy maneno. Wimbo uliozuiwa ulibaki kuwa wake, na kila aliyeusikia ukumbini alimsikia yeye. Wimbo wa binamu unapigwa kila mahali, na yeye hayumo. Nikiambiwa nichague, sijui kama ningechagua kupigwa.

Mnaweza kuniuliza, je, sheria haipo? Ipo. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na ndiyo iliyoizaa COSOTA. Humo mna haki za uchumi, ndizo za kuuza na kulipwa, na mna haki za kimaadili, yaani jina lako litajwe, na uweze kupinga kazi yako isikatwe wala kupotoshwa kwa namna ya kukuvunjia heshima. Wazo hilo si geni. Liliingizwa katika Mkataba wa Berne huko Roma mwaka 1928, na Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1994. Tena lile neno hakishiriki, ambalo wengi tunaliruka, linamhusu mjomba moja kwa moja: ni haki za mwenye kupiga na kuimba, hata kama si yeye aliyetunga.

Kwa nini basi nasumbuka na kifungu cha mkataba? Kwa sababu sheria inakuja baada ya tukio. Inakutaka uende ukalalamike, utafute wakili, uthibitishe kwamba kuondolewa kwa lipenga kumekuvunjia heshima, mbele ya mtu ambaye pengine hajawahi kuliona lipenga. Kifungu cha idhini kinakaa mlangoni kabla wimbo haujatoka. Siku ile kingemlazimu yule kijana apige simu moja: "Mzee, hii noizi niiondoe?" Mambo yangeishia pale.

Nawasikia maprodyuza wakinung'unika, na wana hoja. Wao ndio wameweka umeme, kompyuta, chumba na usiku wao. Wakisubiri "ndiyo" ya mtunzi, mpiga lipenga, mjane na kijiji kizima, hakuna wimbo utakaotoka. Tena sisi watunzi tuna tabia ya kukataa kila kitu leo na kukubali kesho. Kazi nyingi nzuri zimeokolewa na mtu wa studio aliyekuwa na masikio kuliko mwenye wimbo. Hilo nalikubali kabisa. Ndiyo maana sisemi mtunzi apewe kila kitu. Nasema ajue anachokitoa, na kile asichoweza kuishi bila hicho akiandike.

Mwenye nguvu anapata kingi, hiyo ndiyo dunia. Stevie Wonder alitimiza miaka 21 mwezi Mei 1971, mkataba wake wa utotoni na Motown ukaisha, akauacha uishe. Aliporudi mezani alidai uhuru wa kutengeneza muziki wake mwenyewe, akaupata, na mwaka 1972 akatoa "Talking Book". Aliupata kwa sababu aliweza kuondoka, na Motown walijua. Hapa kwetu, Harmonize, kijana wa kusini mwenzetu wa Mtwara, alipotoka Wasafi mwaka 2019 alisema hadharani kwamba kujitoa kulimgharimu shilingi milioni 500. Vijiweni kote tulibishana juu ya hizo milioni. Nyingi, chache, kweli, uongo. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza kama mikataba ya wasanii wetu inasema nani ana neno la mwisho juu ya wimbo.

Sasa, asiye na milioni hata moja afanye nini? Nitawaambia tulichofanya sisi, nanyi mpime.

Mwaka uliofuata studio nyingine ilimtaka binamu. Akaja Mbagala na karatasi zake, safari hii kabla ya kusaini. Tulikaa sakafuni, feni inazunguka bila kuleta hewa, tukaandika sentensi tatu kwa Kiswahili. Ya kwanza: maneno na lugha ya wimbo havibadilishwi bila maandishi ya mtunzi. Ya pili: wimbo hautumiki katika tangazo la biashara wala kampeni ya siasa bila maandishi yake. Ya tatu: wimbo hautoki kabla mtunzi na mpiga lipenga hawajaisikiliza miksi ya mwisho na kuikubali, na kimya chao si ndiyo.

Mwenye studio alizisoma taratibu. Mbili za kwanza alizipitisha bila maneno. Ya tatu akaicheka, "Ninyi mmeshaonja chungu." Akasema kimya hakiwezi kuwa hapana milele, yeye ana biashara. Akataka siku saba. Tukamweleza kwamba mpiga lipenga yuko Liuli, simu yake ni ya tochi, wimbo lazima ushuke mpaka ziwani ndani ya flashi. Tukataka kumi na nne. Tukakubaliana kumi. Kisha akaweka kalamu mezani akasema, kwa usumbufu huo, malipo ya awali yanashuka kutoka laki tatu hadi laki mbili.

Binamu akanitazama. Nilijua anahesabu nini: kodi, ada ya mdogo wake, deni la dukani. Tukatoka nje kidogo. Akaniuliza, "Hivi kweli mngurumo wa kibuyu una thamani ya laki moja?" Sikumjibu. Si mimi niliyekuwa na deni dukani, na si baba yangu aliyesimama stendi ya Mbinga akijitafuta ndani ya wimbo. Alisimama pale kama dakika tano, akapiga teke kifuniko cha soda, akarudi ndani akasaini. Mjomba naye jina lake likaandikwa, si kama mtu wa kupewa nauli bali kama mpigaji, na nafasi ya sahihi yake ikaachwa.

Miksi ilipokuwa tayari binamu aliteremka ziwani nayo. Mjomba aliisikiliza kwenye redio ya jirani yenye tundu la flashi, mara tatu, macho amefumba. Akasema hapana. Kumbe lipenga lilikuwepo, zuri, mngurumo wote upo, ila lilikuwa limesogezwa: liliingia baada ya ngoma, wakati kwao lipenga hutangulia na ngoma hulifuata. Binamu akatuma ujumbe siku ya nane. Prodyuza alilaani kidogo, kisha akalisogeza. Kazi yenyewe haikumchukua hata saa moja. Siku ya tisa mjomba akasema, "Haya."

Je, wimbo huo ulivuma? Hapana. Haukufika hata robo ya ule wa kwanza. Sitaki kuwadanganya kwamba haki ya kusema ndiyo inaleta mashabiki. Ule wa kwanza, uliokatwa lipenga, bado unapigwa kwenye mabasi ya Songea, na watu wanaupenda, na dada yule bado anasema mambo yake ya mapenzi mahali palipokuwa na jina la marehemu. Shauri la kuupeleka COSOTA liko mikononi mwa mjomba na wazee wa ile nyumba iliyofiwa. Wanalijadili kwa mwendo wao. Lakini wimbo wa pili umechezwa Liuli uwanjani, kundi zima likiitikia, na mjane aliyetajwa humo alikuwepo.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi wengi wenu si waimbaji. Mnaandika mashairi na hadithi. Msijione mko salama. Wangapi kati yenu mmeuza mashairi kwa waimbaji kwa elfu ishirini na chakula cha mchana, bila karatasi, na baadaye mkasikia beti zenu zimegeuzwa kuwa kitu ambacho msingekiandika hata kwa kushikiwa panga? Shairi ni kazi kamili, na sheria ile ile ya 1999 inalilinda kama inavyoulinda wimbo. Ukimpa mtu ruhusa ya kuliimba hujampa ruhusa ya kulikata, mpaka utakaposaini kwamba umempa.

Kwa hiyo kabla hujasaini, omba siku moja ulale na karatasi. Kama ni ya Kiingereza na hukielewi, mtafute anayekielewa, hata kama ni mwalimu wako wa sekondari. Tafuta mahali palipoandikwa "kushauriana" na ujiulize kama ndicho unachokitaka. Kisha chukua kalamu, uandike kwa Kiswahili kile kitu kimoja katika kazi yako ambacho kikiondolewa utakuwa hujitambui. Kwa mwingine ni ubeti wa lugha ya bibi yake, kwa mwingine ni jina la mtu, kwetu sisi ulikuwa mngurumo wa kibuyu. Mwonyeshe mwenye studio. Akikataa, utakuwa umejua mapema unauza nini, na bei utaipanga ukiwa na macho. Akikubali, hakikisha siku zinatosha flashi kufika kule anakokaa mtu wenu wa kusema "Haya."